Kabla ya kuipiga kiki: kuiandaa pikipiki ya zamani ya porini

Maswali ni yaleyale. "Nimeuziwa XL iliyokaa stoo ya mradi, naiwashaje?" "DT ya baba mdogo ukiachia mafuta inazima, ninunue kabureta mpya?" "Niweke oili gani?" Majibu yamepangwa hapa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, kwa mtu aliye Mwanza au popote kandokando ya ziwa, mwenye spana za kawaida na siku mbili tatu za nafasi.

Pikipiki zinazozungumziwa ni zile ndefu za tairi za vikucha: Honda XL125S na XL185S, Yamaha DT125 na AG100, Suzuki TF125 na ndugu zao. Kwanza jua yako ni ya kundi gani. Honda XL ni ya 4T (mipigo minne): oili inakaa ndani ya injini na inabadilishwa. DT, AG100 na TF ni za 2T (mipigo miwili): oili inaungua pamoja na petroli, na gia boksi ina oili yake ya pembeni. Ukichanganya mambo ya makundi haya mawili utaua injini siku ya kwanza.

Kosa linaloua nyingi ni haraka. Mtu anamimina petroli mpya juu ya kutu, anapiga kiki mpaka jasho linamtoka, kisha anaita vijana wa kijiweni waisukume. Ikigoma, ana bahati. Ikiwaka, kutu ya tanki imeshashuka kwenye kabureta, vumbi linapita kwenye eya klina iliyooza, na breki hajazigusa. Kiki iwe hatua ya mwisho.

Karatasi kabla ya spana

Linganisha namba ya chesisi (imepigwa kwenye shingo ya fremu) na namba ya injini na zile za kwenye kadi. Kama ilikuwa ya mradi na bado ina namba za DFP (za miradi ya wafadhili), uliza TRA, mamlaka ya mapato, kodi zake kabla ya kumlipa muuzaji. Pikipiki ambayo haiwezi kuhamishwa jina ni spea tu.

Vitu vya kuwa navyo

Spana namba 8, 10, 12, 14, 17 na 19, spana ya plagi (XL hutumia ya milimita 18), bisibisi nzuri ya nyota, plaizi, fila geji (ya kupimia nafasi ndogo), pampu ya tairi yenye mita, brashi ya waya, msasa laini na beseni la plastiki.

Vya kununua: plagi mpya, oili, lita 5 za petroli safi, chujio dogo la petroli la kuweka kwenye mpira, mita moja ya mpira wa petroli, grisi, mafuta ya taa, siki ya kutosha kujaza tanki, magadi soda. Kama tyubu zina viraka vingi, ongeza tyubu mbili. Spea za pikipiki hizi hazijajaa kila duka, kwa hiyo nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Habari njema ni kwamba plagi ya D8EA inayoingia kwenye XL hutumika pia kwenye bodaboda nyingi za Kichina, na cheni ya 428 ndiyo ya bodaboda. Habari mbaya ni kwamba vitu vinavyouzika sana ndivyo vinavyoghushiwa sana. Plagi yenye maandishi yanayofutika kwa kidole iache hapohapo dukani.

Hatua kwa hatua

1. Ioshe na uikague. Osha kwa sabuni na maji ya ndoo, nyumbani. Usiishushe ziwani: mafuta yote ya chini ya injini yanabaki kwenye maji ambayo mtu mwingine anachota. Ikikauka, chungulia ndani ya eksozi, kwenye boksi la eya klina na kwenye vijipira vya kupumulia vya kabureta. Nyigu wa udongo hupenda sana matundu haya, na panya hupenda boksi la eya klina. Pikipiki nyingi "zilizokufa" zimezibwa eksozi tu. Angalia pia nyaya zilizotafunwa.

2. Je, injini inazunguka? Toa plagi. Mimina kijiko cha chai cha oili ndani ya tundu (oili ya injini kwa 4T, ya 2T kwa 2T), subiri nusu saa, kisha sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Ikizunguka laini, vizuri. Ikikwama, usiirukie kwa mguu, kwa sababu meno ya kiki ni dhaifu kuliko kutu iliyoshika ringi za pistoni. Mimina dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia boksi za otomatiki, iache siku mbili hadi nne, halafu weka gia ya juu kabisa na utikise pikipiki mbele na nyuma. Ikiachia, endelea. Isipoachia, silinda inabidi ifunguliwe, na hiyo si kazi ya kuotea.

3. Oili. Fungua bolti ya chini ya injini, uache ichuruzike nusu saa. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Huku ziwani unyevu wa hewa peke yake unatosha kuitia maji injini iliyokaa miaka. Hapo jaza oili ya bei nafuu, iwashe dakika tano siku utakapofika hatua ya 12, mwaga, kisha weka ya kudumu.

   Kwa XL weka oili ya pikipiki, 20W-50 au 10W-40, iliyoandikwa JASO MA. Oili za magari madogo zinazosifiwa kwa kupunguza matumizi ya mafuta huifanya klachi iteleze, maana klachi inaogelea humohumo. Ujazo ni karibu lita 1. Pima kwa kijiti huku pikipiki imesimama wima, si kwa stendi ya pembeni. XL ikiwa imekaa miaka mingi, fungua vifuniko vidogo vya valvu na udondoshee oili kidogo kwenye kamshafti, kwa sababu kule juu ni pakavu. Papo hapo pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi. Kwa Honda hizi huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, kitabu cha modeli yako ndicho chenye neno la mwisho. Valvu iliyobana kabisa inafanya kiki iwe nyepesi na injini igome kuwaka.

   Kwa 2T badilisha oili ya gia boksi, kama ml 600 hadi 800. Halafu shughulikia pampu ya oili ya 2T, sehemu inayopuuzwa kuliko zote. Mwaga oili ya zamani kwenye tanki lake, safisha chujio, jaza mpya. Mpira mwembamba unaokwenda kwenye pampu ukiwa na hewa, pampu haitavuta. Legeza skrubu ya kutolea hewa kwenye pampu mpaka oili itoke bila mapovu, kisha kaza. Hata hivyo usiiamini bado. Tanki la kwanza la petroli changanya na oili ya 2T, ml 20 kwa kila lita. Itatoa moshi zaidi, na iache itoe. Kama mtu aliyekutangulia aliing'oa pampu, changanya siku zote kwa kipimo cha kitabu cha modeli yako. Nyingi za zamani zinataka ml 40 kwa lita.

   Oili chafu weka kwenye dumu. Mtaro wa mtaani unaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani.

4. Tanki na koki. Mwaga petroli ya zamani. Ikinuka kama rangi ya mafuta, imekufa. Mulika ndani kwa tochi. Kutu nyepesi: ng'oa koki, ziba tundu, tia siki mpaka juu, acha saa 24 hadi 48. Kutu nene: tia kwanza konzi moja ya nati ndogo ulizozihesabu, tikisa, zitoe ukizihesabu tena, ndipo uweke siki. Baada ya hapo suuza kwa maji yenye vijiko vinne vya magadi soda, suuza kwa maji safi, kausha juani tanki likiwa limefunguliwa, na siku hiyohiyo lisuuze kwa petroli yenye oili kidogo. Ukiliacha usiku mmoja likiwa na unyevu, kutu inarudi ya rangi ya chungwa.

   Usitie mchanga wala kokoto, hazitoki zote. Safisha kichujio cha koki, kisha puliza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tanki. Likiziba, pikipiki itakwenda kilomita mbili tatu na kuzima, na utamsingizia fundi wa umeme.

5. Kabureta. Skrubu za Kijapani zinaharibika vichwa haraka. Gonga kitako cha bisibisi kwa nyundo mara mbili tatu kabla ya kuzungusha, ukiwa umeikandamiza. Fungua juu ya beseni jeupe ili uone kinachodondoka.

   Ndani ya bakuli kuna jeti mbili. Kubwa ni ya mwendo, ndogo ni ya sailensa (injini ikiunguruma mzunguko wa chini). Ndogo ndiyo inayoziba, na ndiyo sababu ya ule ugonjwa wa "ukiachia mafuta inazima". Itoe na uitazame juani: lazima uone tundu la duara, jembamba kama unywele. Itoboe kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu jeti ni ya shaba nyeupe laini, na tundu likipanuka hata kidogo pikipiki itakunywa petroli kupita kiasi bila dawa nyingine zaidi ya jeti mpya. Puliza njia zote kwa upepo wa pampu. Tikisa floti (boya la ndani ya bakuli) sikioni: ikisikika petroli ndani, inavuja. Ncha ya sindano ya floti ikiwa na mchoro wa pete, badilisha.

   Skrubu ya hewa: ifunge taratibu hadi mwisho ukihesabu mizunguko, andika, safisha, rudisha. Kama hakuna anayejua ilikuwaje, anza na mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo hewa ni nyepesi kidogo kuliko Dar es Salaam. Pikipiki iliyotoka pwani ikiwa na moshi mweusi kidogo na plagi ya masizi, kwa kawaida skrubu hii inamaliza. Usikimbilie kubadilisha jeti.

   Wauzaji watakushauri ununue kabureta ya bodaboda. Kataa. Keihin au Mikuni ya zamani iliyosafishwa vizuri inaishinda, na mpira wa kuingizia hewa hautalingana. Huo mpira wenyewe ukunje kwa vidole: ukiona nyufa, badilisha. Hewa ya wizi hapo inachoma pistoni, hasa ya 2T.

6. Eya klina. Sponji ya zamani hugeuka unga ukiibinya. Ikiwa hivyo, kata sponji mpya ya eya klina kwa kipimo cha fremu yake. Sponji ya godoro haifai, petroli inaiharibu. Ikiwa nzima, ioshe kwa mafuta ya taa, kisha maji ya sabuni, ikauke kabisa, ipake oili ya injini, uikamue isidondoke. Paka grisi kwenye ukingo inapokalia boksi. Vumbi la moramu wakati wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, linamaliza ringi kwa muda mfupi kama sponji ni kavu.

7. Moto wa plagi. Chomeka plagi mpya kwenye kofia yake, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7, ilaze kwenye chuma cha injini mbali na tundu la silinda (mvuke wa petroli unawaka), piga kiki. Unataka cheche ya bluu inayosikika. Usipige kiki waya wa plagi ukiwa unaning'inia, CDI (kiboksi kinachotuma umeme wa cheche) inaweza kufa.

   Hakuna cheche? Kabla ya kununua chochote, chomoa waya mweusi wenye mstari mweupe unaotoka CDI kwenda kwenye swichi. Kwenye nyingi za Honda na Yamaha huo ndio waya wa kuzimia. Cheche ikirudi, ugonjwa ni swichi ya ufunguo au ya usukani iliyoshika kutu, na inasafishika. Zenye pointi badala ya CDI: safisha kwa msasa laini kabisa, nafasi milimita 0.3 hadi 0.4.

   Nyingi za pikipiki hizi ni za volti 6. Soma kwenye balbu kabla ya kununua taa au betri. XL185S inawaka bila betri, lakini usiwashe taa wala kupandisha mzunguko hivyo: balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

8. Breki. Hapa usipunguze hata kitu kimoja. Toa magurudumu, ufute vumbi la ndani ya ngoma kwa kitambaa kibichi. Usilipulize, breki za zamani zilikuwa na asbesto. Jaribu kung'oa mpira wa shuu (kiatu cha breki) kwa ukucha wa bisibisi: baada ya miaka ya kukaa, gundi huachia, na mpira ukibanduka mwendoni gurudumu linafunga. Ukiachia, au ukibaki chini ya milimita 2, nunua mpya. Uliong'aa usugue kwa msasa. Chomoa ekseli ndogo inayofungua shuu, isafishe kutu, ipake grisi nyembamba sana. Ukirudisha, mkono wa breki ya mbele uwe na nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika.

9. Magurudumu na tairi. Gonga kila spoki kwa spana ndogo. Inayolia bubu imelegea. Kamata tairi juu na chini ulitikise: likicheza, beringi zimekwisha. Vipimo vya XL na DT125 kwa kawaida ni 2.75-21 mbele na 4.10-18 nyuma. Kwenye ubavu tafuta tarehe: tarakimu nne, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tarakimu tatu maana yake tairi ni la kabla ya mwaka 2000, na haijalishi vikucha vinaonekana vizuri kiasi gani. Upepo: psi 21 mbele na 22 hadi 25 nyuma kwa barabara. Kwenye mawe na mchanga wa luseni shusha hadi 16 au 18, usishuke chini ya hapo, maana tyubu itabanwa na rimu au valvu itakatika.

10. Cheni. Ioshe kwa mafuta ya taa, ikauke, ipake oili. Ivute kutoka nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka hadi nusu ya jino, imekwisha, na sproketi nazo zibadilishwe pamoja. Ulegevu katikati uwe sentimita 3 hadi 4, upimwe mtu akiwa ameketi. Pikipiki hizi nyuma zinashuka sana, na cheni iliyokazwa kwenye stendi inakaza kama waya ukipanda, ikala beringi ya gia boksi. Klipu ya kiungo: upande uliofungwa uelekee cheni inakokwenda.

11. Kebo, usukani, shokapu. Kebo itundike, fungia mfuko mdogo wa nailoni kichwani, tia oili, iache usiku. Uzi uliokatika hata mmoja, badilisha kebo. Mkono wa mafuta lazima ujirudishe wenyewe ukiachia, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia. Shokapu za mbele zinazovuja zinahitaji oili sili. Usijaze kwa kiasi ulichotoa, maana nyingine ilishavuja. Pima kiasi cha kitabu, sawa pande zote mbili, oili ya SAE 10.

12. Sasa kiki. Lita 2 za petroli, fungua koki, subiri dakika moja uone kama kuna kinachodondoka. Vuta choki, usizungushe mkono wa mafuta, piga kiki mara tano hadi kumi. Ikiwaka, iache mzunguko wa chini, funga choki ndani ya dakika moja au mbili, usiivumishe. Kwa 2T tazama mpira wa oili: kiputo chochote, zima na urudi hatua ya 3. Isipowaka kwa kiki ishirini, acha, toa plagi, uitazame.

13. Majaribio. Kilomita 2 au 3 za tambarare mtaani kwako, kofia ngumu kichwani, si mlima wa Bugando. Shika breki kwa mwendo mdogo kwanza. Rudi, gusa ngoma za breki (yenye joto kali inaburuza), kaza upya nati za ekseli, injini, eksozi na spoki. Kisha nenda mbali kidogo, mfano njia ya Igombe hadi Kayenze, ukiwa na plagi ya akiba, spana yake, pampu na viraka. Kipindi cha mvua tope jeusi la mbuga linajaa chini ya madigadi ya mbele mpaka gurudumu linasimama. Kama yako ina madigadi ya chini, ipandishe juu.

Ikigoma

*Cheche ipo, petroli ipo, haiwaki.* Plagi imelowa: funga koki, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki kumi plagi ikiwa nje imegusa chuma mbali na tundu, kausha, rudisha. Plagi kavu: petroli haifiki, rudi kwenye koki na sindano ya floti. Kiki nyepesi isiyo na upinzani: valvu au ringi.

*Inawaka kwa choki tu.* Jeti ndogo imeziba au kuna hewa ya wizi. Ikiwa inaunguruma sailensa, paka grisi kuzunguka mpira wa kabureta. Mlio ukibadilika, umeshapata.

*2T inajipandisha mzunguko yenyewe.* Zima mara moja. Kama si kebo ya mafuta, ni oili sili ya krenki upande wa sumaku iliyokauka. Ukiendelea kuendesha, pistoni itashika.

*2T ina moshi mweupe mzito usioisha, na oili ya gia boksi inapungua.* Sili ya krenki upande wa klachi. Injini inakunywa oili ya gia.

*XL ina moshi wa bluu.* Asubuhi kidogo tu ukiwasha: sili za valvu, unaweza kuvumilia. Muda wote ukipanda mlima: ringi.

*Ukiingiza gia inaruka na kuzima japo umeshika klachi.* Sahani za klachi zimegandana kwa kukaa. Injini ikiwa imezimwa, weka gia ya tatu, shika klachi, sukuma pikipiki mbele na nyuma mpaka ziachie. Zisipoachia, iendeshe ipate joto ikiwa juu ya stendi na gurudumu la nyuma hewani, kisha rudia.

*Petroli inadondoka kwenye mpira wa chini ya kabureta.* Uchafu umekaa kwenye sindano. Gonga bakuli kwa kitako cha bisibisi. Ikiendelea, fungua tena. Funga koki kila unapoegesha hata baada ya kupona, kwa sababu petroli ikiingia kwenye injini ya 4T usiku kucha itapanda kwenye kijiti cha oili. Kijiti kikinuka petroli asubuhi, usiwashe: badilisha oili kwanza.